Kifuniko cha Tangi la Wanu

Usiku ule wa Jumatano sikulala. Binti yangu Wanu alikwenda Matemwe kumtia hina bi harusi, na simu yake haipatikani tangu magharibi. Kila pikipiki iliyopita hapa Jang'ombe nilisimama dirishani. Saa sita akaletwa na gari la mwani, pikipiki imelazwa nyuma, naye ananuka bahari.

"Imekata nguvu tena, Mama. Nimefika bi harusi keshasinzia."

Wanu ana miaka ishirini na sita. Akishika koni ya hina mkono wake hautikisiki, na huchora maua huku anaimba kwa pua. Pikipiki ile kaitoa kwenye maua hayo hayo, mkono mmoja wa bi harusi baada ya mwengine. Ikizima, na kazi inazima.

Fundi Msabah alishasafisha kabureta, akabadilisha plagi, akaizungusha mtaani.

"Nzima hii, Bi Zuleikha. Labda haipendi shamba."

Kweli, mtaani haikohoi. Safari ndefu ndiyo inayoishinda.

Jumamosi palikuwa na harusi nyengine Matemwe, na somo wa bi harusi, yaani mwanamke anayemfunda, alikuwa yule yule wa Jumatano, Bi Sichana. Alileta salamu: "Adhana ya alasiri ikimkuta njiani, mlango nafunga. Na asije tena kwetu."

Nikasema nami nakwenda.

"Unakuja kusukuma, Mama?"

"Nnakuja kutazama."

Tukatoka saa nane. Kupita Mahonda ikakohoa, ikalegea, ikazima. Wanu akashika waya wa plagi.

"Tazama mafuta kwanza," nikamwambia.

Akavua kifuniko cha tangi. Fyuuu! Kikalia kama mtu aliyeibuka majini. Mafuta tele. Akakirudisha, akapiga kiki, ikawaka papo hapo.

"Ina shetani wake," akasema akicheka.

Kinyasini ikakohoa tena. Akafungua: fyuuu. Ikawaka tena.

Hapo nikakumbuka kopo la maziwa la asubuhi. Ukilitoboa tundu moja, maziwa yanadondoka kidogo kisha yanagoma. Toboa la pili, hewa iingie, yanamiminika. Nikakiangalia kile kifuniko. Juu yake pana kitundu kidogo cha kupitisha hewa, na juu ya kitundu pana kofia ya mpira wa baiskeli niliyoikata na kuivika mimi mwenyewe wakati wa masika, mvua isiingie kwenye mafuta. Msabah akiivua, jioni mimi naivika.

Nikaibandua kimya kimya, nikaitia ndani ya buibui.

"Twende."

Haikukohoa tena. Wanu akaimba njia nzima. Lakini muda ulishatupita. Tulipoingia Matemwe watu walikuwa wanatoka msikitini, na mlango wa chumba cha bi harusi umefungwa.

"Hodi, Bi Sichana. Shikamoo," Wanu akabisha.

"Marahaba. Adhana umeisikia?"

"Nimeisikia."

"Basi na mimi nshafunga."

Wanu akatazama chini, koni zake mkononi. Sikuweza kumwona vile. Nikausogelea mlango.

"Bi Sichana, miye Zuleikha, mama yake. Kosa si lake. Miye ndiye niliyeiziba pumzi pikipiki." Nikaeleza yote: mvua, mpira, kopo la maziwa.

Wanu akanigeukia.

"Mama! Miezi mitatu nasukuma!"

Nikautoa mpira, nikamwonesha. "Nilikuwa nakulinda."

"Ungenilinda zaidi kidogo ningehamia Matemwe!"

Akaangua kicheko mpaka akaegemea ukuta. Ndani mtu akacheka, akafuata wa pili, mara chumba kizima. Kisha nikamsikia Bi Sichana, naye sauti imemlegea kwa kicheko:

"Mama yangu alinishonea kofia ya sufu, nikaivaa mpaka kwenye jua la Machi. Ngojeni."

Komeo likavutwa. Mlango ukafunguka, udi ukatupiga usoni, na pale kitandani bi harusi alikuwa keshanyoosha mikono.