Mkaa Uliofukuliwa Mbichi

Nyevu alikuwa mchoma mkaa katika vichaka vya magharibi ya Malindi. Mumewe alipofariki, mwaka wa 1909, kazi yote ikamwangukia yeye. Alikata magogo, akayapanga, akayafunika majani na kuyazika kwa udongo. Akishalitia tanuri moto, alikaa nalo siku nane akiziba kila ufa. Alijua kuni zikipata hewa nyingi zitateketea zote ziwe jivu, na zikinyimwa, lile joto litafukuza maji na moshi, ubaki mkaa mtupu. Moshi ukiwa mweupe, bado mna maji ndani. Ukigeuka mwepesi, wa rangi ya buluu, mkaa umeiva.

Mwaka wa pili wa ujane wake mvua zilikataa. Siku ya tano ya tanuri moshi ulikuwa mweupe kama tui, lakini Mbeyu, bintiye wa pekee, alikuwa hajala tangu juzi na amekwisha acha kulia. Nyevu akalifukua. Akauzima mkaa kwa mchanga, akajaza gunia moja, akalibeba hadi dukani kwa Manilal, aliyeuza nafaka na mafuta ya taa.

"Umeiva huu?" aliuliza Chanchalben, mke wa Manilal.

"Umeiva, mama," Nyevu akajibu, macho yakiwa chini.

Chanchalben akaumimina pembeni, akamjazia mtama katika gunia lile lile, kisha akaenda jikoni, nyuma ya duka, akatia mkaa ule mpya motoni. Nyevu alikuwa bado anafunga gunia aliposikia mkaa unapasuka kwa mlio. Pa! Pa! Maji yaliyosalia ndani ya vipande yaligeuka mvuke, yakavipasua na kurusha cheche. Moja ikapita mlangoni, ikatua juu ya gunia kuukuu chini ya madebe ya mafuta. Mafuta yakiwa ndani ya debe hayawaki upesi, lakini gunia lile lilikuwa limeyanywa miezi mingi, nalo likawaka kama utambi.

Manilal akanyakua ndoo.

"Usimwage maji, bwana!" Nyevu akapiga kelele.

Manilal akamwaga. Mafuta yakaelea juu ya maji, na moto ukaenda nayo hadi mlango wa jikoni. Chanchalben akabaki upande wa pili, akilia jina la mumewe. Majirani wakaja mbio na maji mengine.

"Mchanga! Leteni mchanga!" Nyevu akaita.

Hakuna aliyemsikia. Nyevu akalitazama gunia la mtama. Akalimwaga chini lote, akatoka akakomba mchanga wa njiani kwa mikono, akautia guniani, akarudi kuufukia ule moto. Safari ya tatu moto wa kizingitini ukakosa hewa, ukafa. Akaruka ndani, akamshika Chanchalben mkono, akamvuta. Walipokuwa mlangoni makuti ya paa yakashika, na kipande kikamwangukia Nyevu mikononi.

Duka lote likaanguka. Barabarani, Manilal alimgeukia mkewe, aliyekuwa akikohoa chini. "Jiko umeliwekaje wewe?"

"Usimlaumu, bwana," Nyevu akasema. "Mkaa ni wangu. Niliufukua mbichi."

"Ukijua?"

"Nikijua."

Manilal akamwonyesha njia. "Nenda zako, Nyevu. Nenda nikiwa bado nakumbuka kwamba ndiwe uliyemtoa."

Chanchalben alimtazama Nyevu, akataka kusema neno, kikohozi kikamzuia.

Nyevu alirudi kwa miguu bila punje ya mtama, mikono ameiinua mbele kama mtu anayeomba. Kesho yake Mbeyu alimwongoza hadi kwa Nzai, kakaye Nyevu aliyelima ukingoni mwa mto Sabaki, nao wakakaribishwa sima nyepesi. Baada ya miezi mingi vidole vilipona vikiwa vimekunjamana, havikushika shoka tena. Miezi yote ile Mbeyu ndiye aliyemlisha mamaye tonge kwa tonge, na kila jioni Nyevu alikataa kufungua kinywa kabla mtoto hajala kwanza.