Tepe Niliyoitaka

Baba, shikamoo.

Nasikia bado unawaambia watu wa Misigiri kwamba mwanao alipata tepe kwa juhudi zake. Naomba uache. Miaka minne nimenyamaza, na sifa unazonipa si haki yangu.

Siku ile ilianza vizuri. Kambini, ng'ambo ya ziwa tulikotumwa kulinda amani, nilikuwa nafua na Elia, yule mwenzangu wa Itigi uliyemwona siku tulipoapa. Ilikuwa siku ya tatu tu tangu malaria imwachie. Akikamua nguo, mikono inatetemeka, naye anacheka kwamba asali ya kwao ingemponya haraka kuliko vidonge.

Kamanda akaja akitaka watu wanane wa kusindikiza malori ya chakula. Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza kusema. Tukapatikana saba.

"Na Elia, afande," nikasema. "Yuko fiti."

Elia akanigeukia. "Ndugu yangu, sina nguvu."

"Twende. Wanaopandishwa cheo ni wanaoonekana."

Nilitaka kamanda aone kwamba najua kupanga watu. Hakukuwa na sababu nyingine.

Waasi walitushambulia darajani.

Lori la mbele likawaka. Tukaamriwa kukimbilia mtaroni.

Mimi nilifika.

Elia miguu ilimwishia nguvu katikati ya barabara, risasi zikamkuta hapo.

Nilimvuta akiwa ameshakufa, nikasifiwa kwa kumvuta. Kwenye taarifa niliandika kwamba alijitolea mwenyewe, nikatia sahihi. Baadaye nikavishwa tepe, nikaja likizo, ukachinja mbuzi. Nilikula nikicheka. Ulitufundisha kwamba mwenye bidii hufika. Nilifika, Baba, lakini kwa miguu ya mgonjwa.

Juzi nilikwenda Itigi kwa mama yake Elia. Nilimkuta anapepeta mtama, nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Akaweka ungo chini.

"Kwa hiyo mwanangu alikataa?"

"Alikataa, mama."

"Miaka yote hii nimemkasirikia kwa kujipeleka. Nimemkasirikia marehemu."

Hakunikaribisha ndani. Aliniambia niondoke, nikaondoka.

Leo asubuhi nimempelekea mkuu wangu maelezo ya kweli. Sijui watanifanya nini. Majirani wakikuuliza, waambie kama nilivyokuandikia hapa, wala usinitetee.

Mwanao,
Yohana