Developers walitaka kumgeuza ng'ombe wangu silaha, bibi yangu akaitisha kikao cha mahari

Mmmuuuh-kh!

Wakuu, habari za kwenu. Huo ndio ulikuwa mlio wa ng'ombe wa Zizi Online ya zamani. Kama mzee anayesafisha koo kabla ya kuanza sala. Hadi leo nikimenya ndizi naweza kuusikia vizuri kabisa masikioni.

Nawasimulia kama ilivyotokea, sijaongeza chumvi. Anayebisha aje Bulyaga, hapa Tukuyu, amuulize bibi yangu, ila asije na haraka.

Kwa wasioijua, Zizi Online ni gemu la mtandaoni la siku nyingi. Unapewa kishamba, unalima, unafuga, unatembeleana na wachezaji wengine. Hakuna kuuana. Michoro yake ni ya boksi boksi, ng'ombe ana miguu minne ila ukimwangalia kwa ubavu unaona mitatu.

Tulilipenda hivyo hivyo.

Mimi ni binti wa kawaida tu. Shule iliishia form four, tena siyo kwa ushindi. Nasuka nywele kwenye saluni ya dada mmoja, naishi na bibi. Ndoto yangu ni kuwa na ng'ombe wa maziwa wa kweli na kibanda cha mtindi chenye bango la bluu. Bango nimeshalichora. Ng'ombe ndio bado.

Kwa hiyo ng'ombe wangu alikuwa mmoja tu duniani, na alikuwa ndani ya simu. Nilimwita Sekela, kwa Kinyakyusa ni "furahi".

Nilipewa akiwa ndama na mchezaji anayejiita Kamanda_Radi. Siku hiyo nilikuwa mgeni, nimepanda mahindi katikati ya mto, yakazama yote. Kamanda akapita, akaniachia ndama, akaandika: "Huyu hazami." Akaondoka.

Toka siku hiyo tukawa kikundi kimoja. Sura yake sijawahi kuiona.

Sasa matatizo.

Gemu lilipoanza kuzeeka, developers wakapaniki. Wakaanza kuondoa mvua. Tangazo likasema wachezaji wengi wanaona mvua inanyong'onyeza. Wachezaji gani hao wakuu? Mimi niko Tukuyu, isiponyesha kidogo tu tunaulizana kuna nini.

Wakaleta kuku wenye suti.

Wakaleta gurudumu la bahati, lazima ulizungushe ndipo uruhusiwe kumwona ng'ombe wako mwenyewe.

Wakaleta joka linalouza bima.

Tukalalamika. Support wakajibu "We hear you!" Update iliyofuata joka likawa limeoa.

Halafu likaja lile tangazo. ZIZI REBORN. Kuanzia Ijumaa, ng'ombe wote wanakuwa Battle Cows. Mwili wa chuma, macho mekundu, maziwa yanatoka kwa presha kumpiga adui. Wakaweka na video. Mlio mpya ulikuwa kama shata la duka linapandishwa.

Kukataa hakuna. Usipobonyeza UPGRADE, ng'ombe wako anafutwa, unapewa gems.

Wakuu, nililia. Nililia jikoni, simu mkononi, kama mtu aliyefiwa.

Bibi alikuwa anamenya ndizi.

"Gwe Tumpe, una nini?"

"Bibi, wanamchukua ng'ombe wangu."

Kisu kikasimama. "Una ng'ombe?"

"Ndiyo bibi. Wanataka kumgeuza chuma."

Chuma hakikumshtua hata kidogo. "Ulimpata wapi?"

"Alinipa kaka mmoja. Kamanda."

"Kamanda!" Bibi akajiweka sawa kwenye kigoda. "Ni ng'ombe wa mahali?"

Hapa naomba nisimame kidogo. Mnaoishi na wazee wa huku mnajua, kwao R huwa inageuka L, na Z inageuka S. Mimi najua hilo toka nazaliwa. Lakini mtu akiwa analia masikio nayo yanalia. Nikadhani bibi anauliza kama ni ng'ombe wa kienyeji, wa mahali hapa hapa, au wa kisasa.

Nikajibu, "Ndiyo bibi, wa mahali kabisa."

Bibi akapiga vigelegele mpaka kuku wakatoka uvunguni.

Mama Subi, jirani yetu, akachungulia juu ya ua. "Kulikoni?"

"Tumpe ametolewa mahali! Kamanda ameshaleta ng'ombe!"

"Kamanda wa polisi?"

"Sasa kamanda wa nini mwingine?"

Nikaanza kueleza, nani anisikilize? Kabla ndizi hazijaiva bibi alishampigia baba mdogo Ambokile kule Matwebe, kwamba mtoto amepokea ng'ombe wa mahari bila ukoo kujua, na sasa kuna watu wanataka kumnyang'anya.

Baba mdogo akafika kesho yake na koti lake la harusi.

Kikao kikafanyika sebuleni. Bibi, baba mdogo, mimi, na Mama Subi ambaye hakualikwa na mtu.

Nikaeleza upya taratibu. Kwamba ng'ombe ni wa kwenye simu, anaishi na joka linalouza bima. Kwamba Kamanda ni rafiki wa gemu, hajawahi kunitongoza, tunaongeleaga majani tu.

Baba mdogo akanyoosha mkono. "Lete tumwone."

Akaishika simu mbali na macho.

"Mbona ana miguu mitatu?"

"Ni ubavu, baba. Akigeuka inatimia."

"Geuka," baba mdogo akamwambia ng'ombe.

Sekela akageuka. Ilitokea tu wakuu, lakini ilinipa heshima.

"Maziwa anatoa?"

"Anatoa, ila yanaishia humo humo."

"Na kuzaa?"

"Ameshazaa sana."

Baba mdogo akamgeukia bibi. "Mama, anazaa."

"Basi ni ng'ombe," bibi akasema, na hoja ya kwamba ni gemu ikafia pale.

Baba mdogo akaendelea, "Na hao wanaotaka kumgeuza, ni ndugu zake Kamanda?"

"Hapana, ndio wenye gemu. Wanasema vyote vilivyomo ni vyao."

"Vyao vipi? Ng'ombe akishatolewa ametoka. Aliyejenga boma la kwanza hana kauli tena. Anataka kumvalisha mabati ng'ombe wa watu kwa idhini ya nani?"

Nilikuwa nimeshasoma malalamiko ya wachezaji ya kila lugha. Hakuna aliyekuwa amekasirika kwa utaratibu namna hii.

Bibi akasema tuwaandikie. Nikafungua chat ya support, yeye akasema, mimi nikaandika kama alivyotamka, na salamu na asante zake za Kinyakyusa humo humo:

"Ugonile. Mimi ni bibi yake Tumpe. Mwacheni ng'ombe kwenye sisi lake. Sisi limekuwa sisi letu. Joka mnaweza kubaki nalo. Ndaga fijo."

Nikamwambia, "Bibi, tuandike zizi." Akasema, "Ndivyo nilivyosema. Sisi."

Nikatuma. Jibu likaja pale pale, hata bibi hajavuta pumzi: "Thank you for your passion! Enjoy these free gems!"

"Wamesemaje?"

"Wameshukuru. Na wametupa mawe."

"Mawe?"

"Mawe ya thamani, bibi. Ya humo humo."

"Mimi naongea ng'ombe, wao wananipa mawe!"

Mama Subi akauliza, "Ya kujengea au kokoto?"

Bibi akaamua kuwa dawa ni Kamanda mwenyewe. Kama ni mwanaume aje atetee ng'ombe wake. Nikaandika kwenye chat ya kikundi huku uso unawaka moto:

"Kamanda samahani, familia yangu inakuita. Ni kuhusu Sekela. Wanasema ni mahari."

Zile nukta za mtu anayeandika zikaonekana, zikapotea, zikarudi.

"Uko mkoa gani?"

"Tukuyu. Bulyaga."

"MUNGU WANGU. Niko hapo jirani, Ibighi!"

Wakuu, nakiri moyo uliruka. Nina ndoto nyingi mimi. Jioni ile kibanda cha mtindi kilipata mwenzi, mrefu, mpole, anajua kukamua.

Alhamisi hodi ikapigwa. Bibi amevaa kitenge kipya. Baba mdogo amevaa koti. Mimi nimesuka upya.

Akaingia mama mmoja mnene, mwenye mwavuli na kilo ya sukari, anacheka kabla hajakaa. Mama Atu. Anauza mitumba ya watoto Ibighi, ana wanne wake mwenyewe.

Bibi akachungulia nyuma yake mlangoni. "Kamanda anafunga mwavuli?"

"Kamanda ni mimi, mama."

Mama Subi akaanguka kutoka kwenye stuli. Kweli kabisa, alianguka.

Mimi nilitaka ardhi inimeze pamoja na misuko yangu. Bibi ndiye aliyekuwa mkali. "Na vigelegele vyangu nilivyopiga je?"

"Nitavirudisha mama, mdomo ninao," akasema Mama Atu, akavipiga pale pale, vikali kuliko vya bibi. Bibi akashindwa kununa. Akaamuru chai.

Ila Ijumaa ilikuwa kesho, na Sekela bado alikuwa kwenye orodha ya kuvalishwa mabati. Nikaanza tena kulengwalengwa na machozi. Mahari imefutika, Kamanda amekuwa mama wa watoto wanne, na ng'ombe naye anaondoka.

Baba mdogo akanywa chai, akasema kama mtu anayeongelea jambo dogo:

"Mwanangu, boma likiharibika ng'ombe hafi nalo. Unamweka kwa mtu mwenye majani, unakwenda kumwona. Mimi wangu wawili wako kwa shemeji. Wewe huna mtu?"

Nikasema, "Baba, hili ni gemu, kila zizi litabadilishwa."

Mama Atu akaweka kikombe chini. Akaingiza mkono kifuani, akatoa simu ya zamani, kioo kimepasuka, imefungwa mpira wa nywele.

"Hii haijakubali update toka mwanangu wa mwisho anyonye. Imejaa. Zizi yake ni ile ya kabla ya joka na vituko vyote. Ukizima data unalima kama kawaida, ila huwezi kutembelea mtu."

Wote tukaiangalia ile simu kama imeshuka kutoka mbinguni.

Mpango ukawa hivi: nimtume Sekela kama zawadi kwenye akaunti ya simu hiyo kabla seva hazijabadilishwa, kisha laini itolewe isiguse mtandao tena.

Nikafungua gemu. Kwanza gurudumu la bahati. Nikazungusha, nikashinda suti ya kuku. Nikambonyeza Sekela, nikabonyeza zawadi.

Mvua ikaanza, ile yetu ya kumwaga. Network ikapotea.

Baba mdogo akatoka barazani na simu zote mbili, moja kila mkono, kazinyoosha juu, koti la harusi linalowa. Bibi anauliza kutoka ndani, "Amefika?"

"Bado!"

"Amefika wapi?"

"Sijui mama, kuna kiduara kinazunguka!"

"Mwite jina!"

Na baba mdogo, mzee wa kanisa, akapaza sauti kwenye mvua: "Sekelaaa!" Watu wanaopita na miavuli wakasimama. Mmoja akauliza amepotea mtoto wa nani. Mama Subi akajibu, "Ng'ombe, yuko njiani!" Yule mtu akaangalia barabarani huku na huku, akatusubiria kabisa.

Kiduara kikakoma.

Kwenye simu yangu zizi likawa tupu. Kwenye simu ya Mama Atu, Sekela alikuwa amesimama kwenye majani, na mvua ile ya zamani ya vistari vyeupe inamnyeshea mgongoni.

Mama Atu akatoa laini haraka haraka, akamkabidhi bibi. Bibi akaifunga kwenye pindo la kitenge.

Ijumaa niliingia kuchungulia tu. Wakuu, ilikuwa vita. Ng'ombe wa mwenzetu mmoja amelipua banda lake mwenyewe. Wa mwingine amekwama darajani kwa uzito, wote waliomfuata wakapanga foleni, wanarusha maziwa hewani. Joka linapita katikati linauliza nani ana bima. Kikundi chetu kilikuwa kinaandikiana kwa huzuni, mmoja mmoja wanaaga.

Sijashinda kitu, nisidanganye. Sekela sasa hatembelewi na yeyote. Simu ile ikifa, naye basi. Betri yenyewe imevimba, Mama Atu anasema tusiongelee hilo. Lakini kwa sasa ni ng'ombe, anakula majani, na kila nikitoka saluni naenda kumwona. Bibi ananipa chumvi nimpelekee. Nimeacha kubisha, chumvi anapikia Mama Atu.

Nilichojifunza ni kwamba gemu kuzeeka siyo ugonjwa. Sisi tuliobaki hatukubaki kwa sababu hatujui mengine yapo. Tulibaki kwa sababu humo kuna kitu tulikilea. Ukitaka kulifufua, kwanza uliza waliopo ndani wanapenda nini, usianze kuwavalisha kuku suti.

Na jingine, ukiwa unalia usijibu swali la bibi yako.

Haya, uwanja ni wenu. Nani mwingine ameharibiwa gemu lake, na alimficha wapi mnyama wake? Kama kuna developer humu, sikutukani kaka, nijibu moja tu: joka nani aliliomba?

Leo kabla ya kuandika huu uzi nilipita Ibighi. Mama Atu alikuwa amekwenda kupokea mzigo wa mitumba, akaniachia meza na simu. Nikampa Sekela majani, nikamkamua. Mara kikatokea kiboksi katikati ya kioo, sijui kimejuaje wakati hata laini haimo: "This version is too old. Upgrade now?"

Nikaangalia kushoto na kulia, hakuna aliyekuwa ananitazama.

Nikabonyeza LATER.