Siku Keziah Alipoulizwa

Keziah alikuwa anachochea moto chini ya chungu kikubwa cha kufulia, macho yanamtoka machozi kwa moshi wa kuni za msonobari, alipomwona mtu anakuja kwa njia ya mashambani huku akiburuta mguu mmoja. Miezi ile, baada ya vita vilivyokomesha utumwa, njia zote za North Carolina zilikuwa na watu wanaotafuta watu. Mama anatafuta wanawe, kaka anamtafuta dada yake aliyeuzwa mbali. Wakifika kwenye nyumba huomba maji kwanza, kisha hutaja jina la wanayemtafuta. Kwa hiyo Keziah hakushtuka. Alichota maji kwa kata akamsogelea mgeni, na pale alipomnyooshea ndipo alipokiona kidole cha shahada kilichopinda, kile kilichovunjwa na lango la zizi enzi za uchumba wao.

Kata ikamponyoka.

"Umenenepa, Kez," mgeni akasema.

"Na wewe umezeeka, Isham." Kisha Keziah akakaa chini palepale kwenye tope la sabuni.

Isham alikuwa mume wake wa ujana, na alimchagua mwenyewe. Enzi zile za utumwa kijana huyu alikuwa mali ya shamba la ng'ambo ya mto Tar, na kila Jumamosi alikuja kwa miguu, na kibali cha bwana wake mfukoni, ili tu aketi mlangoni kwa Keziah na kumchekesha mpaka jua lizame. Walipooana, waliruka ufagio mbele ya watu, kama ilivyokuwa desturi ya ndoa za watumwa, na mhubiri akawaambia wataishi pamoja mpaka kifo au umbali uwatenganishe. Ndivyo mabwana walivyowataka wahubiri kusema. Umbali ulikuja wakati binti yao, Viney, bado anatambaa: bwana wa Isham aliishiwa, akamuuza Alabama, na Keziah akapata habari siku ya pili kutoka kwa mchunga nguruwe.

Alilia mpaka maziwa yakamkauka. Bwana wake hakupenda mwanamke mwenye nguvu akae bila kuzaa, akangoja, mwisho akachoka kungoja. Krismasi moja akamleta Lemuel, fundi wa mapipa, mtu mrefu asiye na maneno, akamsukuma ndani ya kibanda cha Keziah akasema, "Haya, mume wako huyu." Akafunga mlango.

Lemuel alisimama katikati ya chumba kofia mkononi, hajui atazame wapi. Kisha akasema, "Mimi nimeamriwa, dada. Lakini wewe sitakuamrisha." Akatandika blanketi lake sakafuni karibu na mlango, upande unaoingiza baridi. Akalala pale majira yote ya baridi. Alfajiri aliwasha moto kabla Keziah hajaamka, na mtoto akilia alimbeba. Mpaka siku moja, miti ya pichi imeshatoa maua, Keziah alimwambia, "Sakafu hiyo itakuua, bwana wewe. Panda huku." Wakaishi. Wakapata binti yao, Tempy. Vita vikaja vikapita, wakawa watu huru, na hawakuachana.

Sasa wiki ile Isham alipofika ndiyo wiki waliyopanga kwenda mahakamani. Ilikuwa imetoka sheria mpya: watu wote waliokuwa wanaishi kama mke na mume katika utumwa waende kwa karani wa wilaya waandikishwe, ndoa yao itambulike kama ya mtu mwingine yeyote, na watoto wao wawe wao kweli. Kanisani watu walipotangaziwa, wazee walilia. Lemuel alikuwa ameshapaka viatu vyake mafuta ya nguruwe, vimewekwa dirishani vinangoja Jumamosi.

Jioni Lemuel aliporudi alimkuta mgeni anakula mkate wa mahindi mezani kwake, na Viney, msichana wa miaka kumi na minne, amesimama kona kabisa anamtazama mgeni huyo kama anayetazama picha ya mtu anayefanana naye. Hakuna aliyemwambia Lemuel kitu. Aliangalia pua ya mgeni, akaangalia pua ya Viney.

"Wewe ndiye Isham," akasema.

"Ndiye mimi."

"Umetembea kutoka wapi?"

"Alabama."

Lemuel akavuta kiti. "Mama Viney, mwongeze mboga. Mtu hatembei kutoka Alabama akala mkate mkavu."

Baada ya chakula Lemuel alikunja blanketi akaenda kulala kwenye banda lake la mapipa. Isham naye, alipoona hivyo, alisema hawezi kubaki ndani ya nyumba ambayo mwenyewe ametoka, akaenda kulala kanisani. Keziah akabaki na wanawe wawili na kitanda kitupu.

Habari zilienea kabla ya umande kukauka. Rhody, jirani yake, mjane mwenye ulimi usiolala, alikuja kuazima chumvi asiyoihitaji.

"Ama kweli Mungu ana upendeleo," akasema akijishika kiuno. "Wenzio tunazungukia mahema ya wakimbizi tunatafuta hata nusu mwanaume, wewe umeletewa wawili mpaka mlangoni!"

"Rhody, toka hapa."

"Natoka. Lakini yule utakayemwacha usimtupe mbali, shoga yangu. Mimi nyumba yangu haina mtu wa kupasua kuni."

Keziah alicheka bila kutaka, kisha kicheko kikageuka kilio, na Rhody akaacha mzaha akamkumbatia.

Alikwenda kwa mchungaji. Alitaka mtu amwambie la kufanya, maana maisha yake yote watu walikuwa wamemwambia la kufanya, na kwa mara ya kwanza aliona raha yake. Mchungaji alifikiri sana akikuna ndevu.

"Sheria inasema mume mmoja, dada Keziah."

"Najua, baba mchungaji. Yupi?"

"Hilo haisemi. Nimeisoma mara mbili. Wanasema mwanamke mwenyewe ndiye atakayejibu."

"Mimi?"

"Wewe."

Akarudi nyumbani polepole, neno lile linamzunguka kichwani. Alikuta rundo la kuni limefika dirishani. Isham alikuwa amepasua asubuhi, Lemuel akapasua adhuhuri, kila mmoja kimyakimya.

Ijumaa alimwita Isham wakakaa ukingoni mwa shamba la pamba.

"Kule Alabama ulikuwa na mtu?" akamuuliza.

"Nilikuwa naye. Alikufa homa ilipopita, mwaka wa mwisho wa vita. Mwanamke mwema. Nilimwambia habari zako tangu siku ya kwanza."

"Nashukuru hukuwa peke yako," Keziah akasema, na alikuwa anasema kweli.

Isham akachuma jani akalipasua katikati. "Huyu Lemuel, anakupiga?"

"Hajawahi kuninyanyulia hata sauti."

"Anakuchekesha?"

"Mara nyingine. Bila yeye kujua."

Isham akacheka, kile kicheko chake cha zamani, na Keziah akakihisi mpaka mbavuni. Aliona lazima aseme sasa au hatasema kabisa.

"Yule msichana uliyemwacha angekukimbilia, Isham. Angekukimbilia na sabuni mikononi. Tangu juzi namtafuta ndani yangu. Namtafuta kweli. Simwoni. Aliyebaki ni mimi, na mimi nyumba yangu ni ile, na mtu wangu ni yule."

Machozi yalimshuka Isham, akayaacha yashuke. "Nilipokuwa njiani," akasema mwisho, "nilikuwa najiambia, nikimkuta mzima tu, inatosha. Nilikuwa nasema uongo. Lakini nitajitahidi uwe ukweli."

Keziah alimshika mkono wenye kidole kilichopinda, wakakaa hivyo mpaka Tempy alipokuja kuwaita chakula.

Jumamosi alfajiri Keziah alikwenda kwenye banda la mapipa na shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi. Lemuel alikuwa ameketi juu ya pipa lililopinduliwa, hajalala.

"Vaa," Keziah akamwambia. "Mwendo ni mrefu na jua litakuwa kali."

Lemuel akalitazama shati. "Isham yuko wapi?"

"Anakaa na watoto mpaka turudi."

Akavaa. Vifungo vilivishinda vidole vile vilivyofunga pete za chuma kwenye mapipa maisha yote, hadi Keziah akamfunga mwenyewe, kimoja kimoja, hadi shingoni.

Mahakamani foleni ilikuwa imetoka nje ya mlango, ikashuka ngazi, ikafika barabarani. Vikongwe walioishi pamoja tangu ujana wao, vijana waliobeba watoto mgongoni, wote na nguo zao za Jumapili. Karani alikuwa mzungu kijana, bado amevaa suruali ya kijivu ya jeshi lililoshindwa. Hakuinua macho.

"Majina. Mmeishi kama mke na mume tangu lini?"

"Krismasi ya hamsini na tano, bwana," Lemuel akajibu.

"Hapana," Keziah akasema.

Karani akainua macho. "Hapana nini, shangazi?" Ndivyo wazungu walivyowaita wanawake weusi wazima.

"Usiandike Krismasi. Andika majira ya maua yaliyofuata. Mwezi wa tatu."

"Shangazi, nina watu mpaka barabarani. Miezi mitatu inakupunguzia nini?"

"Krismasi aliletwa," Keziah akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ilisikika chumba kizima. "Aliletwa na mtu asiyetuuliza, mimi wala yeye. Mwezi wa tatu nilimkubali. Hapa si umeniuliza? Basi hilo ndilo jibu langu."

Nyuma yao bibi mmoja akasema "Amina" kama yuko kanisani, na watu wakaanza kuguna kwa kukubali, kutoka chumbani mpaka kwenye ngazi, hata waliokuwa nje wasiosikia lolote wakaguna nao. Karani akachovya kalamu, akaandika Machi.

Walipokuwa njiani kurudi, wakalivuka daraja. Hapo Lemuel akasimama. "Mimi nilihesabu tangu Krismasi," akasema, "kwa sababu mimi nilikukubali ile Krismasi." Akaendelea kutembea, na Keziah ikambidi akimbie kidogo kumfikia.

Isham hakuondoka. Alikodi kipande cha shamba upande wa pili wa kijito, akalima mahindi na viazi vitamu. Viney kwanza alimwita "bwana Isham", anampelekea chakula anakiacha kizingitini kama anayelisha mbwa asiyemjua. Siku moja akamuuliza jina Viney lilitoka wapi, na Isham akamweleza kuwa ni la mama yake mzazi, mwanamke aliyekuwa anapiga mluzi kuliko ndege. Kuanzia siku ile msichana alichelewa kurudi kila alipotumwa kule.

Mwaka uliofuata, Novemba, wanaume weusi walipiga kura kwa mara ya kwanza. Wenye mashamba walikuwa wameshapitisha onyo: atakayekwenda atafute pa kulima. Lemuel na Isham walikwenda pamoja. Keziah, Rhody na wanawake wengine walitembea nao njia nzima na vikapu vya chakula, wakakaa kwenye nyasi za uwanja wa mahakama, kwa sababu mtu akitaka kumdhuru mumeo ni vizuri ajue unamwangalia. Hakuna aliyedhurika siku hiyo. Lakini Krismasi haijafika, mwenye shamba alimfukuza Isham, mahindi yake yakiwa bado ghalani.

Lemuel alikwenda na mkokoteni akamleta yeye na vyombo vyake, wakamjengea chumba nyuma ya banda la mapipa. Baadaye Rhody alimwoa. Nasema alimwoa, maana yeye ndiye aliyemposa, mchana kweupe, mbele ya waumini wote. Nao wakaenda kwa karani.

Miaka ilipokwenda mambo yalianza kuwa magumu tena. Wazungu waliofunika nyuso walichoma shule ya upande wa mto, ikajengwa tena, na Viney, aliyekuwa amejifunza humo, alifundisha humo. Isham alifariki kwa kifua, majira ya baridi, Rhody upande mmoja wa kitanda na Viney upande mwingine. Lemuel alichonga jeneza. Mkono wake ulizoea mbao za kupinda, na zile za kunyooka zilimtesa, lakini hakukubali fundi mwingine aguse.

Usiku wa maziko walikaa jikoni, uji uko mezani. Lemuel akasema, "Nisimulie alivyokuwa kijana."

"Miaka yote hii hujawahi kuuliza."

"Alikuwepo. Ningemuuliza mwenyewe nikitaka." Akasogeza kiti karibu na moto. "Nisimulie."

Keziah akaanza na Jumamosi ya kwanza, Isham anatokea kwenye kilima na kofia isiyo yake. Alisimulia, Lemuel akacheka mahali pa kucheka, na uji ukapoa bila mtu kuukumbuka.