Nilimwitikia Mwanangu Kama Mpita Njia

Bwana Mhariri, jina langu lifiche, na wasomaji wenzangu mnisome kwa huruma. Mie ni mama wa miaka arobaini na kitu, mkazi wa Kinondoni. Shule niliishia darasa la pili, lakini barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Mume wangu alifariki akaniachia mtoto mmoja wa kiume, na huyo mmoja nimemlea hasa. Mrefu, msafi, Kiingereza kinamtoka kama maji ya bomba. Mtaani hakuna asiyejua kuwa mwanangu ni karani wa serikali, maana niliyewaambia ni mie. Kisimani nimesema, arusini nimesema, hata msibani niliwahi kupenyeza. Kila asubuhi nilikuwa nampigia pasi shati jeupe, akitoka nasimama mlangoni ili majirani wamwone.

Sasa nina shoga yangu wa Temeke, nimwite Bi Tatu. Sifa za mwanangu anazijua zote, ila yeye mwenyewe hajapata kumtia machoni. Miguu ilimvimba, daktari akamwambia atembee. Jumanne iliyopita akanifuata tukaenda ile bustani kubwa yenye bwawa la maji ya mjini, tulizunguke mara mbili. Njia yake ni moja, huku maji, huku seng'enge. Ukishaingia huna pa kuchepukia.

Tunatembea, na mie kama kawaida yangu: "Bi Tatu, juzi bwana mkubwa wake kamwambia bila yeye ofisi haiendi."

Akacheka. "Haya, mama karani! Kesho utaniambia Gavana wa Waingereza hali chakula mpaka mwanao aje."

Kupinda kona tukakuta vibarua wanafyeka majani kando ya maji. Wa mwisho, kaptula ya kaki, kifua wazi, jasho linamtiririka, alikuwa mwanangu.

Macho yetu yakakutana. Akaweka fyekeo chini, akainama kidogo. "Shikamoo, mama."

Kila kijana hutuamkia hivyo. Nami nikamjibu vile ninavyomjibu kijana yeyote wa njiani: "Marahaba, mwanangu." Nikavuta buibui, nikapita. Wallahi nilipita.

Bi Tatu akanishika mkono. "Umeona adabu ile? Kaweka chombo chini ndipo akaamkia! Aliyemzaa yule kalea, bibi wee."

Mie mwenye mdomo wangu, niliyemsifu kwa mambo nisiyoyaona, siku hiyo nasifiwa kwa haki nikashindwa kusema ni wangu. Nikasema tu, "Ndiyo, kalea."

Mzunguko wa pili nikataka turudi, nikasingizia mgongo. Bi Tatu akanijia juu: "Mgonjwa ni mie au wewe? Twende!" Tukapita tena. Safari hii mwanangu alitugeuzia mgongo, anafyeka mahali palipokwisha kufyekwa. Alikuwa ananisitiri, jamani. Nilimkana, naye akanisitiri.

Jioni akarudi na shati lake jeupe. Nikamuuliza, "Kazini salama?" Akasema, "Salama, mama." Akala, akashukuru, akalala. Sijui ukarani uliisha lini, wala sijui kama ulikuwapo. Ninalojua ni kwamba hakuogopa fyekeo, aliogopa mdomo wangu. Shati bado nalipiga pasi, analivaa, anaondoka. Mlangoni sisimami tena. Kila asubuhi ananiambia shikamoo mama, nami namwitikia marahaba mwanangu, maneno yaleyale ya bwawani.

Jumanne hii Bi Tatu anakuja tukazunguke tena. Wazazi wenzangu, na nyie vijana mnaojua uchungu wa kupitwa, nielekezeni: nimwombe radhi nyumbani kwanza, tukiwa wawili, au ningoje tufike pale kwenye kona, nisimame mbele ya Bi Tatu na vibarua wote, niseme huyu ndiye niliyemzaa? Nifanye lipi? Na je, akinigeuzia mgongo tena?