Gofu Letu la Ilembo

Nyie, acheni niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine. Kikundi chetu tulichanga tukanunua gofu pale Ilembo. Mwenyekiti akaweka humo familia ambayo mimi sikuwahi kuiona: wakae bure, kodi yao iwe kulikarabati. Masika yote sikushuka kutoka Mwese kwa ubovu wa barabara. Picha hawakutuma, nikaamua ni wavivu.

Juzi nikapanda pikipiki kwenda kuwafukuza. Nikalitafuta gofu, wapi! Pale nilipolikumbuka paliota nyumba nyeupe pee, chini imezungushiwa maua yaliyochorwa kwa udongo mwekundu, kama imefungwa kanga mpya. Nikajikuta nimevua kofia, utadhani naingia kanisani.

Barazani mama mmoja alikuwa anapepeta mchele.

"Hongereni, mama! Mikono gani hii? Wapangaji wetu sisi hawana lolote, nimekuja kuwatoa leo leo. Hivi gofu la kikundi liko wapi?"

Akaweka ungo chini, akanitazama bila hasira.

"Ndiyo hapa, baba. Karibu ndani, utufukuzie kivulini."