Jogoo wa Dada Yangu

Kwa miaka kumi na mmoja dada yangu hakula chakula nyumbani kwangu. Kuja alikuja, hilo lazima niliseme. Alikuja tulipomzika shangazi, alikuja mke wangu alipotoka hospitalini. Aliketi kwenye kiti kile kile karibu na mlango, akauliza habari za kila mtu, na sahani ilipoletwa akasema, "Nimeshiba, wifi." Kisha akatoa ndizi mbivu mkobani mwake, akaimenya mbele yetu sote. Ndizi yake mwenyewe, kutoka Marani.

Wajukuu wangu walio Nakuru hawajui Kikisii, ndiyo maana naandika kwa Kiswahili, na itabidi niwaeleze jambo ambalo hapa Ekerenyo hakuna asiyelijua. Dada yangu alipoolewa Marani, baba yetu alipokea ng'ombe. Ng'ombe hao hawakumaliza mwaka zizini kwetu. Walipelekwa kwa wazazi wa mke wangu, nami nikaoa. Baba alikuwa na binti mmoja na mwana mmoja, na zizi halikuwa na ng'ombe wengine wa kuolea. Kwa hiyo mke wangu, watoto wangu, na ninyi mnaosoma, mlikuja kwa nyayo za ng'ombe wa dada yangu. Mwanamke wa namna hiyo hapigi hodi kwa ndugu yake. Akifika, jiko ni lake. Kwetu sisi alikuwa akitengewa jogoo mmoja tangu akiwa kifaranga, na jogoo huyo hata mgeni wa heshima akija hachinjwi.

Mambo haya niliyajua. Nisije nikasema sikuyajua.

Nilikuwa na rafiki wawili. Mmoja alikuwa dereva mstaafu mwenye Probox nyeupe iliyozeeka, mwingine karani wa kituo cha majani chai. Sisi ni watu wa Sabato, kwa hiyo Jumapili ilikuwa siku yetu ya kutembea. Tulipita Nyamira, tukashuka hadi Kisii mjini, tukapanda kwenda Marani kwa dada yangu. Mume wake alikuwa Mkatoliki, tulimkuta ametoka misa, na kwake pombe ya wimbi haikuwa dhambi. Mimi kanisani nilikuwa shemasi. Kule Marani nilikuwa mtu mwingine, nikishika mrija na kuinama juu ya chungu kama wenzangu.

Dada alitupikia. Alitandaza ugali wa wimbi ndani ya ekee, kile kikapu kidogo kilichosukwa kwa ajili ya ugali tu, ukitoka moshi. Alituwekea chinsaga, mboga ya majani machungu aliyoichemsha siku tatu, akiimwagia maziwa kidogo kidogo hadi uchungu unyenyekee. Na maziwa ya mgando kutoka kibuyuni, yenye harufu ya moshi wa mti. Dereva alikuwa akisema, "Dada, nikifa nizikwe hapa karibu na jiko lako, nisikie harufu tu." Dada alimjibu, "Wewe ukifa utaamka ukisikia sufuria." Tulicheka. Miaka mingi tulikula hivyo, na sikumbuki hata Jumapili moja aliyotuambia tumezidi.

Kisha mume wake akafa. Tulikwenda mazishi, tukalia, tukabeba udongo. Baada ya hapo hatukwenda tena Marani. Sababu niliyompa mke wangu ni kwamba mjane anahitaji utulivu. Sababu ya kweli ni kwamba chungu kilikuwa kimeondoka na mwenyewe, na sisi tukatafuta chungu kingine.

Miezi minne ikapita. Dada akapiga simu.

"Momura minto," aliniambia. Maana yake ni kijana wa kwetu, na dada humwita ndugu yake hivyo hata akiwa na mvi. "Momura minto, tangu nimzike mzee sijala na mtu wa kwetu. Jumapili nakuja mimi. Usihangaike na mboga, nitakuja nayo. Wewe uwepo tu."

"Nitakuwepo," nikasema.

Jumapili asubuhi Probox ikapiga honi langoni. Rafiki mmoja wa dereva alikuwa anafungua nyumba mpya kule Suneka, na kulikuwa na mbuzi wa kuchoma. Tungerudi kabla ya saa saba, wakaniapia. Karani akasema, "Lakini hatuwezi kuingia nyumba mpya mikono mitupu." Macho yangu yakaenda kwa jogoo aliyekuwa amefungwa mguu chini ya ghala.

Mke wangu aliniona nikimfungua.

"Huyo ni wa wifi," akasema.

"Wifi ni wa nyumbani. Mpe chai, mpe mboga yake. Mtu wa nyumbani hahesabu."

"Mtu wa nyumbani ndiye anayehesabu, Baba. Mgeni hula akasahau."

Nilimwambia asinifundishe habari za dada yangu. Nikampakia jogoo nyuma ya gari.

Suneka tulikula vizuri. Sitasema uongo kwamba nyama ilinikwama kooni. Nilikula, nikanywa, nikasimulia hadithi, na saa saba ikapita, na saa tisa ikapita. Mara mbili nilitazama saa yangu na mara mbili nikavuta mkono wa shati kuifunika. Tulipoondoka nilijifungia paja moja la jogoo katika karatasi, nikajiona mtu mwenye kumbukumbu.

Saa kumi na moja jioni, mvua ikianza, tulikutana na dada mahali njia ya kwetu inapotoka barabarani. Alikuwa amekaa nyuma ya boda boda, kitenge amejifunika kichwani. Dereva alisimamisha gari, akashusha kioo, na kwa sauti ile ile ya Jumapili za Marani akapaza: "Dada! Ungejua jogoo wako alivyokuwa mtamu, ungemfuata Suneka!"

Karani akacheka. Nami nikacheka. Hilo la kucheka ndilo linaloniamsha mpaka leo.

Dada hakucheka. Mke wangu alikuwa amemwambia kwamba jogoo aliibwa.

"Jogoo yupi?" akauliza. Dereva akatazama usukani. "Sikuulizi wewe. Namuuliza huyu. Momura minto, jogoo yupi?"

Nilitoa mkono dirishani na ile karatasi. Mafuta yalikuwa yameshaitoboa. "Nimekubakishia paja," nikasema.

Aliitazama ile karatasi ikilowa. "Nilikuja kula na wewe," akasema. "Sikuja kula paja." Kisha akamgusa mwenye pikipiki begani. "Twende, mwanangu."

Nyumbani nilikuta meza imefunikwa. Ugali ulikuwa ndani ya kikapu alichokuja nacho dada, mzima, haujaguswa. Chinsaga ilikuwa chunguni. Mke wangu alikuwa amekaa na mikono mapajani.

"Alifika saa nne," akaniambia. "Kila nikimkaribisha anasema, ndugu yangu yuko njiani. Akaniuliza kama njia ya Suneka ina matope."

Kikapu kilibaki kwangu. Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu, na dada alikataa nikirudishe kikiwa kimejaa. Nilikwenda Marani na wimbi, akaniambia anao. Nikamtuma mke wangu na ndizi, akapokelewa kwa chai na kurudishwa na ndizi zake. Mara ya tatu nilikwenda na mchungaji. Dada alitusikiliza, akasema amenisamehe, akatuombea safari njema. Lakini hakula tulichomletea. Nikafahamu kwamba maneno aliyatoa kwa sababu ya mchungaji, na kinywa chake akakibakiza.

Kikapu nilikitundika ukutani. Moshi ulikifanya cheusi.

Mwaka huu mwanawe alinipigia simu. Ugonjwa wa mama yake ulikuwa tumboni. Madaktari walikuwa wamesema arudishwe nyumbani, apewe anachopenda.

"Anapenda nini?" nikauliza.

"Hasemi, mjomba. Anameza uji kidogo tu."

Sijawahi kupika. Mwanamume wa rika langu hapa akionekana ameshika mwiko, watu huuliza kama mkewe amekufa. Nilimwambia mke wangu anionyeshe. Siku tatu nilikaa jikoni na chinsaga, macho yakinitoka machozi ya moshi, nikimwaga maziwa kidogo kidogo. Ugali nilisonga mara mbili. Wa kwanza tuliwapa kuku. "Mwiko si fimbo, mzee," mke wangu alisema. "Usiupige. Ugeuze." Jumapili asubuhi nikakishusha kikapu ukutani, nikakisugua, nikakijaza.

Dereva ndiye aliyenipeleka. Karani tulishamzika. Dereva mwenyewe sukari imemla vidole viwili vya mguu, na gari huendesha polepole kama anayebeba mayai.

Dada alikuwa amelala sebuleni. Alikuwa amebaki macho na kitambaa cha kichwa. Nilikiweka kikapu juu ya stuli, nikakifunua.

"Kikapu changu," akasema. "Nani amesonga?"

"Mimi."

"Umeunguza chini."

"Kidogo."

"Si kidogo." Alinyoosha mkono akagusa ukingo wa kikapu, si ugali. "Hiki ni chakula cha nyumba yako, momura minto. Nikikilia hapa, nitakuwa nimeletewa, kama lile paja. Nipeleke kwetu."

Mwanawe alikataa. Alisema barabara ni mbaya, alisema daktari atakataa. Dada alimwacha amalize, kisha akasema, "Nishike mkono wa huku, mjomba wako ashike wa huku."

Tulimweka kiti cha mbele. Alipomwona dereva aliuliza, "Huyu naye yupo?"

"Nipo, dada."

"Leo huchekeshi?"

"Dada, nilichekesha mara moja ikanitosha."

Aligeuza uso dirishani. Tulipopita Nyamira aliomba tusimame, tukamshikia beseni. Nilitaka kusema turudi. Lakini nilimjua.

Tulipofika kwangu hakuketi karibu na mlango. Mke wangu, niliyempigia simu tukiwa njiani, alikuwa amemwekea kiti jikoni, kando ya moto, naye akaketi pale bila kuuliza. Nilikiweka kikapu mbele yake, na chinsaga, na maziwa ya mgando, kila kitu kama alivyokuwa akituwekea sisi. Nilisimama nikisubiri. Sijawahi kusubiri hivyo hata matokeo ya mtihani.

Akatazama kila chombo. Akasema, "Vizuri. Na jogoo wangu yuko wapi?"

Mke wangu alinitazama. Niliona aibu inapanda kutoka miguuni. Kwangu kulikuwa na matetea na vifaranga. Jogoo hakuwepo. Siku tatu nzima nilikuwa nimewaza mboga, nimewaza kikapu, nimewaza nitakachosema, na jogoo hakunijia akilini ila kama nyama ambayo mgonjwa hawezi kutafuna.

"Nilidhani huwezi kumla," nikasema.

"Kama naweza au siwezi, hilo ni langu."

Nilitoka. Magoti yangu hayakimbii, lakini siku hiyo yalijaribu. Jirani yangu wa chini alikuwa na jogoo mmoja, mweusi mwenye shingo nyekundu, naye alikuwa akimmwagia mahindi.

"Nipe huyo," nikamwambia. "Nitakuletea matetea wawili."

"Huyu ndiye anayetuamsha, omogaka," akasema, akiniita mzee kwa Kikisii. "Una mgeni?"

"Si mgeni. Dada yangu."

"Yule wa ng'ombe?"

"Yule."

Hakuuliza lingine. Alimshika, akamfunga miguu kwa kamba ya mgomba, akanipa.

Nikiwa bado shambani kati ya migomba nilisikia injini ya Probox ikiwaka. Nilisimama. Nikajua ameondoka. Nikajua amekaa kiti cha mbele, kitenge kichwani, na kwamba safari hii hakuna mvua ya kulaumu. Nilipanda kilima kile na jogoo kifuani, nikimwomba Mungu maneno ambayo shemasi hafundishwi.

Dereva alikuwa anageuza gari tu, alitoe juani.

Dada alikuwa pale pale kando ya moto. Chakula kilikuwa kimepoa na mikono yake ilikuwa mikavu, hajanawa. Nilimwekea jogoo miguuni. Alimpapasa kifua kwa vidole viwili, kama wafanyavyo wanawake sokoni.

"Mwembamba," akasema. Kisha akamgeukia mke wangu. "Wifi, lete maji ya kunawa."

Jogoo alichinjwa, akachemshwa hadi akalainika. Dada alikunywa supu vijiko vichache, akala tonge moja na majani kidogo ya ile mboga, akasema bado ina uchungu. Nilikula naye, kutoka kikapu kimoja, upande wangu na upande wake. Nusu ya alichokula kilirudi kabla hajapanda gari. Aliifuta midomo yake mwenyewe. Neno samahani lilinijia nikalimeza, kwa kuwa alishawahi kulijibu mbele ya mchungaji na halikutusaidia.

Alipoketi garini nilimpitishia kikapu dirishani. Alikitazama ndani.

"Unanirudishia kitupu?"

Nikakirudisha kifuani.

"Kiweke," akasema. "Nitakijia."

Ni wiki ya tatu sasa. Nimenunua jogoo mwingine, nimemfunga chini ya ghala, na kila asubuhi nammwagia wimbi kwa mkono wangu mwenyewe. Simu ikilia natazama kwanza kama ni namba ya Marani, kabla sijapokea.